Sifuri ya Kalangalala

Mwezi wa sita mwaka tisini na nane, jua la Geita likiwa limekwisha kukausha hata matope ya sokoni, Mzee Mohsin alifungua kipima mvua chake asubuhi akakuta maji ndani.

Yalikuwa kidogo. Alipoyamimina kwenye bilauri yenye mistari yalifika milimita nne. Lakini mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha wiki tatu nyuma, na usiku ule nyota zilikuwa zimejaa mbinguni mpaka alfajiri. Maji yenyewe yalikuwa mekundu, wekundu wa udongo uliotoka chini sana, na alipoyasogeza puani yalinuka taa ya karabai iliyozimika. Mzee Mohsin aliangalia juu, kisha akaangalia ukuta wa ua wake wenye vipande vya chupa juu. Paka, akajiambia, ingawa paka wa Kalangalala hajapata kusikika akikojoa matope. Akayamwaga kwenye mchicha wa mkewe, akaingia ndani, akaandika sifuri kwenye daftari na kushika simu ya upepo.

"Kalangalala hapa. Sifuri."

"Nimekupata, mzee. Kalangalala sifuri," akajibu karani Abdulhalim kutoka Shinyanga.

Jikoni, Gulnar mkewe akakohoa mara moja, kama mtu aliyepaliwa na chai.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana asiyeijua ramani ya Shinyanga atadhani nasimulia habari za paka. Kampuni moja ya kununua pamba ilikuwa na ofisi karibu na reli, na ukutani mwa ofisi hiyo Abdulhalim alikuwa ametundika ramani kubwa, akachoma juu yake pini kumi na moja. Kila pini ilikuwa nyumba ya mtu: mwalimu fulani, mwenye mashine ya kusaga fulani, padri wa parokia fulani. Hakuna aliyelipwa. Kila mmoja alikuwa na kipima mvua uani kwake, na saa tatu kamili asubuhi alipima mvua iliyonyesha tangu saa tatu ya jana, kisha akaita Shinyanga. Saa tatu na nusu Abdulhalim aliisoma ramani yote hewani, na kila mwenye simu ya upepo, hata madereva wa malori ya pamba, akatega sikio. Hakuna aliyekwenda kuhakikisha kwa mtu. Ramani iliamini inachoambiwa, kama mgeni anayeuliza njia.

Waliotega sikio kuliko wote ni wachimbaji wa Nyamalulu. Maduara yao, yaani mashimo ya dhahabu, yalichimbwa bondeni, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka mjini, na maji ya bonde lile hayaanguki pale pale. Yanaangukia vilima vya Kalangalala usiku, yanashuka na korongo taratibu, yanafika adhuhuri wakati jua linawaka na mbingu haina hata wingu. Mtu aliye chini futi themanini atajulia wapi? Basi walijiwekea mwiko wao: Kalangalala ikivuka ishirini, duara linalala. Siku hiyo hashuki mtu, hata mwenye duara atukane mpaka povu limtoke. Mwiko huo uliwalinda miaka tisa, na katika miaka hiyo walilijua jina la Mzee Mohsin ingawa hawakuwa wamepata kuiona hata sura yake.

Naye Mohsin, muuza mabati na misumari, mwana wa muuza mabati na misumari, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu. Wenzake kumi wakiugua au wakisafiri waliweka kistari kwenye daftari, na siku hiyo Abdulhalim aling'oa pini yao. Pini ya Kalangalala haikuwahi kung'olewa. Tangu alipomrithi baba yake kile kipimo cha shaba, daftari la Mohsin halikuwa na mstari mtupu hata mmoja, na Abdulhalim alikuwa akimsifia hewani watu wote wakisikia. Sifa hiyo ilimlevya kuliko pombe ambayo dini yake ilimkataza. Kwa hiyo siku aliyochelewa kuamka, au aliyokwenda Mwanza kuchukua mzigo, alikisia. Sifuri ya kiangazi haimdhuru mtu, alijiambia, na kwa muda mrefu kweli haikumdhuru mtu.

Mpaka ilipofika tarehe kumi na nne Machi, mwaka ule wa Elnino. Usiku wake Mohsin alikuwa amemeza dawa ya mafua akalala kama gogo, na mvua iliyobomoa paa la nyasi la jirani hakuisikia. Aliamka jua liko dirishani, saa tatu imepita, na sauti ya Abdulhalim inaita: "Kalangalala, tumebaki kukusubiri wewe tu." Simu ya upepo ilikuwa pembeni ya kitanda. Kipimo kilikuwa uani, hatua ishirini kutoka mlangoni. Alilitazama lile jua, akanyoosha mkono, akasema sifuri, akavuta shuka.

Saa sita na robo maji yalifika Nyamalulu. Watu sita walikuwa chini. Watano hawakusikika tena. Wa sita, kijana aliyeitwa Maige, alipata mahali pa kuinua kichwa, akawa anagonga kwa nyundo matimba, ile miti inayoshikilia kuta za duara, na waliokuwa juu wakamsikia tangu adhuhuri mpaka alasiri bila kuweza kumfikia. Halafu kugonga kukakoma.

Mtu angeweza kusema: nililala, nisameheni. Lakini Mohsin alisikia habari ile jioni, na kabla ya magharibi alikwisha kupanda ngazi ghalani kwake, akabandua kiota cha nyigu wa udongo kwenye boriti na kukishindilia ndani ya faneli ya kipimo, kisha akaiingiza faneli ndani kuihifadhi kama ushahidi. Wiki moja baadaye mjane wa Maige, Euphrasia, alikuja na shemeji yake. Alisema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaonyeshwa.

"Nyigu, mama," alisema Mohsin kwa huzuni, na huzuni yenyewe ilikuwa ya kweli. "Wameziba tundu. Mvua yote imemwagikia nje. Kazi ya Mungu haina makosa."

Euphrasia alikigusa kile kiota kwa kidole. Kikavunjika, kikawa vumbi. Wiki nyingi za mvua, hewa yenyewe imelowa, na kiota kilichokuwa ndani ya kipima mvua ni kikavu kama unga. Alikipangusa kidole chake kwenye khanga polepole.

"Wabeja, mzee," alisema, yaani asante, akaondoka na shemeji yake, na Mohsin akashukuru kwamba yamekwisha.

Sasa Juni, na yale maji mekundu. Jumanne yalikuwa milimita tisa, Jumatano kumi na tatu. Kila siku aliyamwaga, akaandika sifuri na kutangaza sifuri, maana kusema mvua imenyesha Kalangalala mwezi wa sita ni kujifanya kichekesho mkoa mzima. Mchicha wa Gulnar ulikauka wote. Alhamisi alikuta nyayo za buti za mpira zimeanzia kwenye kipimo, zimevuka ua na kuishia mlango wa jikoni, mbichi, zinang'aa vipunje vidogo vya mchanga. Zilikuwa za kuingia. Za kutoka hazikuwepo.

Siku hiyo hiyo, akiwa ameshika simu ya upepo, alisikia mtu anagonga chini ya sakafu. Ngo. Ngo. Ngo. Polepole, kama mwenye kuhifadhi nguvu. Mohsin akasema, "Kalangalala, sifuri," upesi upesi, na nyuma yake Gulnar akashika koo na kuinama, akakohoa kikohozi kirefu, akatema kwenye kiganja maji mekundu.

"Baba Nasrin," alisema alipopata pumzi. Nasrin alikuwa binti yao wa pekee, akisoma Mwanza. "Umesikia huko chini?"

"Panya."

"Panya hawana nyundo." Alikuwa akinong'ona, macho yake kwenye sakafu. "Nimeangalia saa siku zote nne. Sikohoi usiku, sikohoi jioni. Ukisema lile neno ndipo nakabwa."

"Neno gani?"

"Sifuri."

Mohsin alimpeleka hospitali. Daktari alimpiga picha ya kifua, akaitazama kwenye mwanga mara mbili, akauliza kama mama huyu aliangukia ziwani. Mapafu yalikuwa na maji. Yakavutwa kwa sindano, na muuguzi aliyebeba ile chupa alisita mlangoni kwa sababu chini yake palikuwa pametuama mchanga. Gulnar akarudishwa nyumbani na vidonge. Kesho yake saa tatu alikohoa tena, zaidi ya jana.

Wanaume wengi husema wanawapenda wake zao, lakini Mohsin alimpenda Gulnar kweli, miaka ishirini na sita, tangu alipoletwa kutoka Tabora na masanduku mawili na woga mwingi. Kumwona anahangaika kuvuta hewa kulimtia kichaa. Jumamosi aliamua kusema alichokiona. Alipima, akakuta ishirini na mbili, akaita Shinyanga.

"Kalangalala hapa. Milimita ishirini na mbili."

Abdulhalim akacheka. "Mzee wangu, Geita nzima vumbi tupu, Sengerema vumbi, Kahama vumbi. Mvua imekuchagua wewe peke yako? Pengine mama kamwaga maji ya vyombo."

"Andika ishirini na mbili, Abdulhalim."

"Ramani itachekwa. Nakuwekea sifuri, mzee, kulilinda jina lako."

Chini ya sakafu nyundo ikapiga mara moja tu, kwa nguvu, vikombe vikalia kabatini. Gulnar alianguka kwenye zulia. Maji yalimtoka puani na mdomoni kwa muda ambao Mohsin hakuweza kuupima, akamshika kichwa, akamwita jina lake la utotoni, akaahidi mambo ambayo hata yeye hakujua anamwahidi nani.

Ndipo akaitwa Swaumu wa Nkome. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo anayeuza dagaa, na kupunga majini ilikuwa kazi yake ya pili, kama mwingine anavyoshona nguo akitoka shamba. Alifika Jumapili asubuhi juu ya lori, mikono ikinuka samaki. Hakuomba kuku mwekundu wala shuka nyeupe. Aliomba mlango ufungwe, redio ya jirani ipunguzwe, na yeye apewe kigoda. Akachoma ubani kwenye kigae, akamlaza Gulnar kwenye mkeka, akasoma alichojua kusoma, taratibu, akiwa ameweka kiganja juu ya kifua cha mgonjwa.

Ubani ukakataa kupanda. Moshi wake ulitambaa sakafuni, ukaingia kwenye nyufa za saruji kama unaovutwa. Harufu ya karabai ikajaa chumba. Gulnar akafumbua macho, na mdomo wake ukafunguka bila kutikisika.

"Mwangaluka," ilisema sauti iliyotoka humo, nzito, ya mtu aliyelala vibaya, ikisalimia Kisukuma.

"Mwangaluka," akaitikia Swaumu, maana salamu ni salamu. "Nani wewe?"

"Mwenye shimo la Nyamalulu. Nilikuwepo kabla ya dhahabu. Sikumwita mtu. Wakishuka kwa ujinga wao mimi huwala, hiyo ni haki yangu na wanaijua. Lakini sita hawa waliambiwa washuke. Watano wamelala. Mmoja hanyamazi. Anagonga. Miezi mitatu anagonga kichwani kwangu, mimi nisiye na usingizi wa kutosha tangu walipoanza kuchimba. Nimechoka naye. Nimemleta kwa mwenyewe."

Halafu sauti ikabadilika, ikawa ya kijana, ya adabu, na hiyo ndiyo iliyomfanya Mohsin ashike ukuta.

"Shikamoo, mzee. Ile siku, mvua ilikuwa ngapi?"

Mohsin akageuka kuutazama mlango uliofungwa.

"Utaondoka?" Swaumu alimuuliza mwenye shimo, kwa sauti ya chini, kama anayepatana bei na mtu mkali.

"Walioisikia ile sifuri waisikie na kweli. Kesho, saa ile ile, kwa njia ile ile. Akisema kweli, naondoka na mtu wangu. Akidanganya tena, naondoka na mtu wake."

Ubani ukazimika. Gulnar akapumua, akalia kimya kimya na kugeukia ukutani.

Swaumu alimvuta Mohsin ukumbini. "Baba, nisikilize vizuri. Haya si majini ya kufukuzwa kwa makombe ya kunywa. Kama ulipima siku ile, taja ulichokiona. Kama hukupima, sema hukupima. Usiongeze hata chembe."

"Nilipima," alisema Mohsin. "Faneli iliziba. Nyigu."

Swaumu akajifunga khanga upya. "Mimi sikuulizi," alisema. "Mimi naomba ugali tu, nina njaa. Anayeuliza ni yule." Akatuma mtu wa baiskeli Nyamalulu kumwambia mjane wa Maige kwamba kesho saa tatu awe kwenye simu ya upepo ya duarani.

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, na Mohsin aliujua msemo huo, aliwahi hata kuwaambia wateja wake. Mchana kutwa aliutafuta ujasiri akaupata, akaupoteza, akaupata tena. Alikwisha kuyapanga maneno. Nililala. Sikupima. Yalikuwa maneno mawili, na mwanamke aliyempenda angeishi.

Asubuhi ya Jumatatu alimbeba Gulnar na godoro lake mpaka pembeni ya simu ya upepo. Kabla ya saa tatu nyundo ilikwisha kuanza chini, na safari hii haikutoka mahali pamoja, ilizunguka chumba chote, chini ya kabati, chini ya mlango, chini ya miguu yake mwenyewe, na kila ilipogonga maji mekundu yalichungulia kwenye nyufa za saruji na kurudi, yakichungulia na kurudi, huku Swaumu akisoma bila kupumzika na jasho likimdondoka kidevuni.

"Kalangalala hapa," alisema Mohsin.

"Tunakusikia, mzee." Abdulhalim hakucheka. Habari zilikwisha kumfikia. Nyuma yake ulisikika ukimya wa vituo kumi, na wa madereva, na wa Nyamalulu.

"Nataka kusema habari za tarehe kumi na nne Machi."

Sauti ya mwanamke ikaingia, ya mbali, yenye mkwaruzo wa hewa. "Shikamoo, Mzee Mohsin. Mimi Euphrasia, mke wa Maige. Sikuja kugombana. Watoto wananiuliza baba alishukaje shimoni siku ya mvua, sina la kuwaambia. Nataka kujua kitu kimoja tu. Ilikuwa ngapi?"

Gulnar alimshika mumewe kifundo cha mguu. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Aliongea kidogo kidogo, kila neno na pumzi yake.

"Sema hujui, Baba Nasrin. Nilikuwepo. Nilikuona umelala. Kandambili zako zilikuwa kavu mlangoni."

Kumbe alijua. Miezi mitatu alikuwa akimpikia, akimtengea chai, akisikia habari za nyigu zikisimuliwa kwa wageni, na alijua, na hakumuumbua. Mohsin alimtazama na aibu ikampanda kutoka tumboni mpaka masikioni, na laiti aibu ingekuwa ya mbele ya Gulnar peke yake ingemwokoa. Lakini mbele yake palikuwa na ile simu, na ndani ya ile simu watu wote waliomsifu miaka tisa wakimsubiri, na ndugu za Maige wenye mapanga, na pini ambayo haikuwahi kung'olewa, na mwanamke anayeomba namba, namba tu, kitu kidogo cha kuwapelekea watoto wake, na yeye aliyekuwa akimpa kila mtu namba maisha yake yote angewezaje leo kumwambia hana, na pengine, akili yake ikamnong'oneza kwa upole, pengine namba kubwa ni kweli ya kutosha, kwa kuwa mvua kweli ilinyesha, na kubwa, na kosa lingekuwa ni kuitaja ndogo. Na nyundo ikagonga, na mdomo wake ukafunguka wenyewe kama ulivyozoea kufunguka kila asubuhi ya saa tatu.

"Arobaini na mbili," alisema.

Abdulhalim akarudia polepole. "Arobaini na mbili."

Kisha Euphrasia akauliza, "Ulipima mwenyewe, mzee?"

"Nilipima, mama. Niliona kwa macho yangu. Nyigu waliziba, lakini nilikisia ya kumwagika nikajumlisha."

Nyundo ikakoma. Maji yakarudi kwenye nyufa, sakafu ikakauka mbele ya macho yao, harufu ya karabai ikatoweka, na kwa muda wa kama pumzi tatu Mohsin aliamini kwamba imekubaliwa. Alitaka hata kutabasamu. Swaumu alikuwa ameacha kusoma, ameweka mikono kichwani.

"Baba," alisema, "umefanya nini?"

Mkono wa Gulnar uliachia kifundo cha mguu. Alikuwa amefungua mdomo kuvuta hewa na hewa haikuingia. Hakukohoa. Maji yalikuwa yamejaa mpaka juu, yakatulia kwenye midomo yake kama yanavyotulia kwenye ukingo wa mtungi, na macho yake yalimtazama mumewe kwa huruma na hasira pamoja, mpaka yalipoacha kumtazama. Swaumu alimgeuza, akamkandamiza mgongo, akamgeuza tena. Ilichukua muda mrefu kabla ya kukubali.

Wanawake waliomwosha walisema maji hayakuisha kumtoka. Walibadilisha sanda mara mbili. Akazikwa alasiri ile ile, Nasrin akawahi na basi la kutoka Mwanza, na Swaumu akarudi Nkome bila kuchukua hata nauli.

Siku ya tatu ya matanga, saa tatu kamili, simu ya upepo ilijiwasha. Mohsin alikuwa amekwisha kuitoa waya za betri mwenyewe.

"Kalangalala hapa," ilisema sauti ya Gulnar, na nyuma yake maji yalikuwa yakitembea. "Sifuri."

Ilikuwa sifuri kweli. Alikwenda uani na bilauri, akakuta kipimo kikavu, hakina hata umande. Kesho yake hivyo hivyo. Vuli ilipoanza sauti ikasema kumi na saba, akapima akakuta kumi na saba. Ikasema nane na nusu, akakuta nane na nusu, bila kuzidi wala kupungua. Abdulhalim aliogopa mwezi mmoja, halafu akazoea, mwanadamu huzoea. Ikafika mahali akawaambia madereva kwamba katika ramani yote kituo asichokitilia shaka ni Kalangalala. Watu wa Nyamalulu walirudi kwenye mwiko wao wa ishirini. Hakufa tena mtu.

Lakini kila siku, baada ya kutaja namba yake, sauti ile iliongeza swali, hewani, watu wote wakisikia.

"Na wewe, Baba Nasrin, umepata ngapi?"

Hapo humngoja. Hewa yote hunyamaza, Shinyanga mpaka Nyamalulu, mpaka Mohsin atoke na bilauri yake, atembee hatua ishirini, asome, arudi, aseme. Siku moja ya Desemba homa ilikuwa imemlaza, miguu haimbebi, mvua imepiga bati usiku kucha. Sauti ikasema thelathini na moja. Ikauliza. Alikuwa amekwisha kuisikia namba, ilikuwa pale pale, hakuna aliyehitaji kutoka kitandani kuirudia. Akafungua mdomo. Upande wa pili wa ukuta, Nasrin, aliyekuja likizo na alikuwa akiosha vyombo, alikohoa.

"Sijapima," alisema Mzee Mohsin, na akashangaa jinsi neno lile lilivyokuwa jepesi mdomoni, jepesi kuliko namba yoyote aliyowahi kuitaja. Kisha akaanza kulia, na wote waliokuwa hewani wakamsikia.